Flashi ya Nota

Kwaya za Mwanza zina flashi moja. Najua ziko nyingi, lakini zote zimenakiliwa kutoka moja, na hakuna anayekumbuka ya kwanza ilikuwa ya nani. Ndani yake mna programu ya kuandikia nota, ya zamani, ambayo watengenezaji wake walishafunga duka. Walimu wa kwaya kuanzia Buhongwa hadi Igogo wanayo. Hupewi flashi hivihivi. Unapewa pamoja na maelekezo, nayo hayajaandikwa popote, yanapokezanwa kwa mdomo kama tunavyomfundisha wimbo mtu asiyejua kusoma nota: "Zima antivairasi kwanza. Ukiiacha inagombana na programu."

Mimi nafundisha TEHAMA sekondari huko Buhongwa, na kanisani naimba sauti ya pili. Maneno hayo yalikuwa yakinipandisha presha. Nilishasimama mbele ya kwaya yetu nikasema haigombani, inawaonya! Mnamfungia mbwa ndani, halafu mnamfungulia mgeni geti! Walinisikiliza kwa upole, kama watu wanavyomsikiliza mtu mwenye hasira za njaa, kisha wakaendelea kupeana flashi. Na aliyekuwa kinara wao alikuwa baba yangu mzazi.

Baba ni mwalimu mstaafu, Mhaya wa Muleba, aliyevuka ziwa na mama zamani na kujenga Igogo, juu kwenye mawe. Anatunga nyimbo. Alipostaafu akanunua kompyuta kuukuu ya mezani, akaiweka chumba cha nyuma, akajifunza kuandika nota kwa kidole kimoja. Alikuwa anaiogopa. Kila alipobadilisha kitu aliweka faili jipya: FINAL, FINAL 2, FINAL KABISA, FINAL KABISA HII. Nilipomcheka aliniambia wewe cheka tu, siku ikimeza utanikumbuka.

Ilimeza Alhamisi, siku chache kabla ya jubilei ya ndoa yake na mama.

Nilikuwa ofisi ya walimu nasahihisha. Baba hapigi simu saa za kazi, hivyo nilipoona namba yake niliweka kalamu chini.

"Mwanangu, folda zangu zote zimekuwa vimshale."

Niliposikia vimshale nilijua. Kuna kirusi kinachopita kwenye flashi, kinazificha folda za kweli, kinaweka mahali pake za bandia zenye mshale mdogo pembeni. Ukibofya ile ya bandia hufungui kazi zako, unakiamsha kirusi upya. Baba alikuwa amebofya, tena na tena, kwa uvumilivu wake wote wa ualimu.

"Na ule wimbo, baba?"

Akashusha sauti. "Umo humo humo. Lakini usijali, fundi ameshafika, anasema dawa yake ni kupiga window."

Niliruka hadi kiti kikaanguka. Kupiga window, kwa wasiojua, ni kufuta mfumo wote wa kompyuta na kupanda mpya. Mjini kwetu ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta nzito? Piga window. Haina sauti? Piga window. Na ule wimbo haukuwa na nakala nyingine duniani. Baba alikuwa ameutunga kwa siri karibu mwaka mzima, ili Jumapili, mbele ya watu wote, kwaya imwimbie mama. Sauti ya kwanza alikuwa nayo kichwani, lakini zile nyingine alizisuka na kuzifumua mwezi hadi mwezi mle kwenye mashine. Kwaya ilikuwa inasubiri kuupokea alasiri ile ile.

"Mwambie asiguse kitu! Baba, mwambie akalie mikono yake!"

Mkuu wa shule nilimwomba ruhusa kwa sentensi ambayo hadi leo sidhani kama aliielewa. Bodaboda nilimwambia kuna mgonjwa, na sikuona kama nimedanganya.

Fundi nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta, na kweli mikono alikuwa ameikalia. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya jirani.

"Madam, mzee kaniambia nikae hivi," alisema. "Nikae mpaka lini?"

Nilimsalimia baba shikamoo huku nimeshavuta kiti. Kabla sijashika kitu nilisikia diski ya ile kompyuta inagonga. Tak. Tak. Tak. Fundi naye alikuwa ameisikia, tukaangaliana. Diski ikianza kugonga hivyo inaaga. Nilitoa mkobani flashi yangu mwenyewe, yenye mfumo mwingine kabisa ambao kirusi kile hakiujui, nikaiwasha kompyuta kupitia hiyo badala ya diski. Kioo kikawaka polepole. Kisha folda zikajitokeza, zote, za kweli, zimepauka kidogo kama vitu vilivyotolewa stoo. Kirusi hakikuwa kimefuta chochote. Kilikuwa kimezitia pazia tu.

"Zipo!" nilipiga kelele. "Baba, zipo!"

"Na hii kabisa?" aliuliza. Ilikuwepo. FINAL KABISA HII.

Nilianza kunakili kwenye flashi yangu, wimbo wa mama kwanza, zingine baadaye. Diski iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena, na fundi akawa anaihimiza kwa sauti ya chini kama mtu anayesukuma gari. Folda ya mwisho ilipoingia, kompyuta ya baba ilitoa mlio mmoja mrefu na haikuwaka tena. Tulishangilia! Watu wazima watatu tunapeana mikono juu ya maiti ya kompyuta.

Furaha ile haikudumu. Programu zangu kwenye laptop, za halali, zote ziliukataa wimbo. Lugha ya faili lile inajulikana na programu moja tu, ile ya watengenezaji waliofunga duka. Iliyokuwa kwenye kompyuta ya baba ilikwenda na diski. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akaiweka mezani taratibu, bila kuniangalia usoni. Flashi ya nota.

"Ipo hii, Madam," alisema. "Ila sasa, si unajua, kwanza inabidi uzime..."

"Nisikie ukimalizia!"

Kompyuta iliyobaki pale ilikuwa laptop yangu tu. Za fundi zote ni za wateja. Na laptop yangu ilikuwa na alama za mitihani ya shule nzima. Baba alinitazama, akatazama flashi, akamsogezea fundi. Nadhani alikuwa tayari kuusamehe wimbo kuliko kuniponza. Kule kumrudishia kwake ndiko kulikonichokoza.

"Itaingia," nilisema. "Lakini haitaingia kwangu. Nitaijengea nyumba yake."

Wataalamu wa lugha wanaiita mashine pepe. Mimi wanafunzi wangu nawaambia ni kompyuta ndani ya kompyuta. Ni programu inayoigiza kompyuta nzima: ina diski yake ambayo kwa kweli ni faili moja tu, ina kumbukumbu yake iliyokatwa kutoka kumbukumbu yangu, ina kioo chake kwenye dirisha la kioo changu. Iliyo ndani inaamini iko peke yake ulimwenguni. Nimefundisha hayo miaka, ubaoni, kwa chaki, kwa watoto wanaosinzia. Sikuwahi kuyahitaji kwa dhati hadi siku ile.

Windows ya zamani nilikuwa nayo tayari, naitumia darasani. Niliipa nyumba yake, nikakata mtandao, nikafuta kila njia ya kushirikiana mafaili kati ya ndani na nje. Nyimbo za baba nikaziingiza kwenye diski ya kuigiza, ya kusomwa tu, isiyoandikika. Nikaagiza kwamba flashi itakayochomekwa ipelekwe moja kwa moja ndani, isisimame sebuleni kwangu hata kidogo. Mwisho nikaipiga picha ile kompyuta ya ndani jinsi ilivyo, safi, ili ikiharibika niirudishe kwenye picha.

"Haya, fundi. Chomeka."

Akachomeka. Tukaisanikisha ile programu, na haukupita muda kirusi kikaanza kazi. Nyie, nilifurahi! Nilikuwa sijawahi kukiona kikifanya mambo yake nimekaa tu na mikono kifuani. Kiliweka vimshale huku, kikaweka kule, kikatafuta mtandao kisiupate, kikagonga diski ya nyimbo kisiweze kuandika. Baba aliinama hadi miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Kinatafuta nini sasa?"

"Mlango wa kutokea."

"Na hakuna?"

"Hakuna, baba."

Baba alicheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa akaonyeshwa mwizi amenasa kwenye uzio. Fundi alicheka kwa kuchelewa kidogo, maana flashi ilikuwa yake.

Nikafungua FINAL KABISA HII. Mistari ya nota ikajaa kwenye kioo, na maneno chini yake kwa Kihaya: walivyopanda meli Bukoba, mama ameshika kuku kwapani. Nikabonyeza icheze. Ukatoka mlio, kimya, mlio, kimya, kama mtu mwenye kwikwi. Baba akasema wimbo wake umeugua.

Haukuugua. Tulikosa nafasi. Laptop yangu haina kumbukumbu kubwa, nami kwa ukarimu nilikuwa nimeipa kompyuta ya ndani nusu nzima. Nilimweleza baba kwamba mfumo wa kompyuta huahidi kila programu nafasi kubwa kuliko iliyopo. Ikijaa, unachukua visivyotumika sasa hivi unavipeleka kwenye diski, na vikihitajika unavirudisha. Mambo yakizidi, unashinda unabeba na kurudisha, kazi yenyewe haifanyiki.

Baba alinikatiza kwa kupiga meza. "Darasa langu la Muleba! Madawati hayatoshi. Anayeandika anakaa, anayesikiliza anasimama, wanapokezana. Linakwenda vizuri tu. Siku ya mtihani wote wanataka kuandika, basi ni kunyanyuka na kukaa tu, hakuna anayemaliza swali la kwanza."

"Ulifanyaje?"

"Nilitoa nje wasio na mtihani."

Nikawatoa nje wasio na mtihani. Nilifunga kila kitu kilichokuwa wazi kwenye laptop, madirisha ya mtandaoni niliyoyaacha wazi tangu asubuhi, karatasi za alama, yote. Kisha nikafanya jambo lililomshangaza fundi: kompyuta ya ndani nikaipunguzia kumbukumbu, nikaiachia robo. Upande wangu ukapata pumzi, ukaacha kubeba na kurudisha. Nikabonyeza tena. Wimbo ukatiririka.

Sauti za kompyuta hazina uhai, kila mtu anajua, lakini nilisisimka mwili mzima. Sauti ya nne ilikuwa inatembea chini polepole kama meli inavyoondoka gatini, na juu yake nyingine zinaitana. Sikujua kama baba yangu anaweza kutunga hivi. Nilimwambia palepale, akajifanya anafuta miwani.

Hadi ubeti wa mwisho. Hapo, kwenye mstari wa sauti ya pili, palikuwa patupu.

"Hapo pananisumbua tangu mwanzo," baba alisema. "Kila nikiandika naogopa kuharibu kilichokwisha kaa."

Ndipo nikamwonyesha ile picha. Nikaipiga upya, tukiwa tumeshafungua wimbo, nikamwambia andika chochote, haribu utakavyo, nikibonyeza hapa tunarudi tulipo sasa. Hakuniamini. Akaandika nota chache kwa kidole chake, tukasikiliza, zikachukiza.

"Rudisha."

Nikarudisha. Ubeti ukawa mtupu kama mwanzo, na wimbo uliobaki haukuguswa. Baba akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya tangu anunue kompyuta: alisogeza kiti mbele na kukunja mikono ya shati. Aliandika ya juu, rudisha. Ya chini, rudisha. Akaandika ya kichaa kabisa, inayopanda juu ya sauti ya kwanza, tukacheka wote watatu, rudisha! Mtu wa FINAL KABISA HII alikuwa anaharibu kwa furaha, na mimi nilitamani alasiri isiishe.

Lakini sauti ya pili haikupatikana. Mwishowe akaegemea kiti.

"Acha tupu. Ninyi wa sauti ya pili mtanyamaza ubeti wa mwisho."

Nilichukia, sisemi uongo. Sauti ya pili siku zote tunaonewa.

Kwaya ilipofika, baba akaniomba niwachapishie. Nikakataa. Sitoi faili humu, nilisema, sitoi hata karatasi, kirusi kimo ndani na nyimbo ziko ndani, kitakachotoka ni sauti tu. Wakanung'unika. Nikawaruhusu wapige picha kioo kwa simu zao, maana kirusi hakipiti kwenye kamera. Wengine wakaandika kwa mkono. Lakini wengi walifanya wanachokijua zaidi: walisimama kuizunguka laptop ndani ya kile chumba cha nyuma, wakasikiliza, wakaimba walichosikia. Fundi akaazimwa kwenye sauti ya nne, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni wa kwaya nyingine. Mama alikuwa mwaloni kununua samaki wa sherehe. Aliporudi tulikuwa tumeshahamia kwenye wimbo wa kutoa sadaka. Alitusalimia kutoka jikoni, akauliza kama tumekula.

Jumapili ilifika. Baada ya misa tulijaa ukumbini, na baba na mama wakakaa mbele, mama amevaa kitenge kipya anachokirekebisha kila dakika. Baba akaomba udhuru, akainuka, akaja kusimama mbele yetu. Mama alikunja uso kumuuliza unakwenda wapi. Baba akainua mikono.

Tuliimba. Tulipofika kwenye kuku wa kwapani, upande wa Wahaya ulilipuka kwa vigelegele, na mama akafunika uso kwa viganja. Baba alikuwa anatuongoza, lakini macho yake yalikuwa pembeni, kwake. Ukaja ubeti wa mwisho. Mimi na wenzangu tukafunga midomo kama tulivyoagizwa, na ile nafasi tupu ikaja, nikaisikia wazi, pengo kabisa.

Ndani ya pengo ukaingia uimbaji.

Haukutoka kwetu. Mama alikuwa ameshusha viganja, bado ameketi, anaimba sauti ya pili. Hakuwa anaitafuta. Aliijua yote, ilipita katikati ya sauti ya kwanza na ya tatu mahali ambapo baba hakupajaribu hata mara moja, ikateremka, ikaisubiri ya nne, zikafika pamoja. Mikono ya baba ilibaki hewani. Hatukuwa na kiongozi, tukamalizia kwa kumfuata mama.

Chumba cha nyuma kinapakana na jiko. Mwaka mzima baba alikuwa anaimba upande mmoja wa ukuta, analia na mstari mmoja, na mama upande wa pili anamenya ndizi. Nilikuwa nimefunga kila mlango wa ile kompyuta, ule ukuta sikuufikiria.

"Mwalimu," mama alimwambia tulipokwenda kumkumbatia, "ulidhani siri gani hiyo, mtu anaimba kama yuko peke yake duniani? Mimi nilikuwa nakujibu kila siku. Hukuwa unasikia?"

Baba hakuwa anasikia. Alikiri mbele ya watu wote, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyaficha.

Kesho yake, nilipotoka shule, alinipigia niende na laptop. Nilimkuta chumba cha nyuma, kiti cha pili kimeshawekwa karibu na chake, na mama amekikalia, mikono bado ina unga. Niliiwasha kompyuta ya ndani, kirusi chake na vimshale vyake vyote, nikafungua wimbo kwenye ubeti wa mwisho. Mama akaimba polepole, nota moja moja, na baba akaziandika kwa kidole kimoja. Wakasikiliza.

"Hapo umekosea," mama alisema. "Rudisha."

Baba akanigeukia haraka. "Umesikia? Rudisha."